Kubisha hodi Brussels: mlango upi, na wakati gani

Tarehe 13 Februari 2025 Bunge la Ulaya lilipiga kura kuitaka Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, isimamishe hati ya maelewano ya madini iliyotiwa saini na Rwanda mwaka mmoja kabla, tarehe 19 Februari 2024. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilikuwa imekwisha kuanguka mikononi mwa M23, waasi wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda. Siku 11 baada ya kura hiyo, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi 27 wanachama walikutana. Hati ya madini ikatangazwa kuwa inapitiwa upya na mashauriano ya ulinzi na Kigali yakasimamishwa, lakini vikwazo havikupita, kwa sababu Luxembourg ilitaka kwanza juhudi za usuluhishi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC zipewe nafasi. Vikwazo vilikuja tarehe 17 Machi: watu 9 na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu, Gasabo. Na Umoja huohuo wa Ulaya ulikuwa umeidhinisha yuro milioni 20 mwezi Desemba 2022, na milioni 20 nyingine Novemba 2024, kwa ajili ya wanajeshi wa Rwanda walioko Cabo Delgado, Msumbiji.

Mtu akiyapanga matukio hayo kwenye mstari mmoja atasema Umoja wa Ulaya hauna msimamo. Undumilakuwili upo, sikatai. Ila kuna jambo la msingi zaidi: hakuna chumba kimoja ambamo Umoja wa Ulaya "unaamua" kuhusu Rwanda, au kuhusu nchi nyingine yoyote. Azimio la Bunge lilikuwa ushauri. Hati ya madini ilikuwa kazi ya Kamisheni. Vikwazo na fedha za wanajeshi vilihitaji nchi zote zikubali, na fedha zenyewe zilitoka kwenye mfuko ambao hata haumo katika bajeti ya Umoja. Kila kitu kilipita mlango wake, na kila mlango una ufunguo wake. Anayetaka kuelewa uamuzi wa Brussels, na zaidi sana anayetaka kuugeuza, aanze na swali moja: umepitia ibara ipi ya mkataba?

Tuanze na mlango ulio mgumu kuliko yote, wa sera ya nje na usalama. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inataka kauli moja. Nchi moja ikisema hapana, basi. Juni 2022 Hungary ilikataa jina la Patriarki Kirill wa Moscow liwemo katika orodha ya vikwazo, na jina likaondolewa, ingawa wengine wote walikuwa tayari. Nchi isiyokubaliana lakini isiyotaka kuzuia wenzake inaruhusiwa kukaa kando rasmi. Cyprus ilifanya hivyo mwaka 2008 wakati wa kuanzisha ujumbe wa Umoja huko Kosovo. Njia hiyo hutumika mara chache, kwa kuwa kura ya turufu ina thamani kubwa katika biashara ya kisiasa: anayeizuia hoja leo huomba kitu kingine kesho.

Pendekezo la vikwazo huletwa na nchi mwanachama au na Mwakilishi Mkuu wa Mambo ya Nje, cheo ambacho Kaja Kallas amekishika tangu Desemba 2024. Linaanza kwenye kikundi cha wataalamu wa nchi wanachama wanaoshughulikia Afrika, linapanda kwenye Kamati ya Siasa na Usalama, linapita kwa washauri wanaoandika maneno ya kisheria, kisha kwa mabalozi wa nchi wanachama, mwisho kwa mawaziri. Kazi kubwa hufanyika chini huko, na mawaziri wengi hupokea kitu kilichokwisha kukubaliwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni ushahidi. Aliyewekwa kwenye orodha anaweza kwenda Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, na mahakama imewahi kufuta majina kadhaa kwa sababu Baraza, yaani chombo cha mawaziri wa nchi wanachama, lilishindwa kuonyesha msingi wa madai. Ndiyo maana faili la kila jina hujengwa kwa vitu vinavyoweza kuwekwa hadharani: ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, taarifa za vyombo vya habari, picha, matamshi ya mhusika mwenyewe. Taarifa za kijasusi peke yake hazitoshi, kwa kuwa ni vigumu kuzitoa mbele ya jaji. Asasi ya haki za binadamu inayotaka afisa fulani awekewe vikwazo, na inayopeleka barua ya hasira isiyo na tarehe, mahali, cheo wala mnyororo wa amri, haijawasaidia wale washauri hata kidogo.

Halafu vikwazo vina tarehe ya kufa. Vile vya kiuchumi dhidi ya Urusi vilitungwa vihuishwe kila miezi 6, na kila kuhuisha kunahitaji tena kauli moja. Kwa hiyo nchi iliyoshindwa kuzuia mwanzoni hupata nafasi mpya kila nusu mwaka.

Mlango wa biashara uko tofauti kabisa. Hapa nchi wanachama zimekabidhi mamlaka yote kwa Umoja. Ujerumani haiwezi kutia saini mkataba wake wa ushuru na Kenya, hata ikitaka. Kamisheni ndiyo inayojadiliana, na Baraza hupitisha kwa kura ya wingi maalumu: angalau nchi 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Nchi moja haitoshi kuzuia. Zinahitajika angalau 4. Waziri wa Afrika anayekwenda Paris kulalamikia ushuru anapoteza nauli, isipokuwa kama anakwenda kutafuta kura moja kati ya nne anazozihitaji.

Mlango wa maendeleo uko katikati. Ibara ya 208 ya Mkataba wa Utendaji, ulio wa pili kati ya mikataba miwili mikuu ya Umoja, inasema lengo kuu ni kupunguza na hatimaye kuondoa umaskini, na inautaka Umoja uyazingatie malengo hayo hata katika sera zake nyingine zinazoweza kuzigusa nchi maskini. Lakini ibara ya 4 ya mkataba huohuo inaongeza kwamba Umoja kufanya kazi ya maendeleo hakuzizuii nchi wanachama kufanya ya kwao. Ndiyo maana katika mji mkuu mmoja utakuta ofisi ya Umoja wa Ulaya, mashirika ya maendeleo kama GIZ ya Wajerumani na AFD ya Wafaransa, na mengine, kila moja na ripoti zake na gari lake. Tangu Aprili 2020, wakati wa korona, wanaiita kazi ya pamoja "Timu Ulaya". Jina limesaidia kiasi, ila nembo moja kwenye bango haimaanishi mkaguzi mmoja.

Misaada ya dharura ina mlango wake wa pembeni, na sheria yake ya mwaka 1996. Inatakiwa ifuate mahitaji ya watu tu, bila masharti ya kisiasa. Ndiyo maana chakula cha wakimbizi kinaweza kuendelea kufika katika nchi ambayo serikali yake imenyimwa fedha.

Ofisi ya Umoja katika nchi husika nayo ina pande mbili chini ya paa moja. Balozi na sehemu ya siasa wako chini ya idara ya mambo ya nje, iliyoanza kazi Januari 2011 baada ya Mkataba wa Lisbon. Sehemu ya ushirikiano, inayoandaa miradi na mikataba ya fedha, inafuata maelekezo ya Kamisheni. Balozi anaweza kukupa ahadi nzuri ya kisiasa mezani, na afisa wa ushirikiano akakwambia, kwa haki kabisa, kwamba sekta hiyo haimo katika programu ya nchi hadi mwaka kadha wa kadha. Wote wawili wanasema kweli.

Mpangilio huu wa vyumba vingi una historia, na historia hiyo inagusa Afrika moja kwa moja. Mkataba wa Roma wa 1957 uliyaingiza makoloni kwa matakwa ya Ufaransa, ukaanzisha Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, bila Waafrika kuulizwa. Baada ya uhuru, nchi 18 zilitia saini Mkataba wa Yaoundé mwaka 1963. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wao mjini Arusha mwaka 1969, wa biashara tu, bila fedha za maendeleo. Lomé ya 1975, na nchi 46, ndiyo niionayo kuwa yenye ubunifu zaidi: ilikuwa na mfuko wa kufidia nchi mapato ya mazao yakiporomoka, kahawa, pamba, chai, hata mkonge. Ikafuata Cotonou mwaka 2000, na sasa Mkataba wa Samoa, uliotiwa saini tarehe 15 Novemba 2023.

Samoa yenyewe ni somo. Wajadilianaji walikwisha kuweka herufi za mwanzo za majina yao kwenye andiko Aprili 2021. Kutoka hapo hadi saini ni zaidi ya miaka 2 na nusu. Hungary ilipinga maneno kuhusu uhamiaji na jinsia. Ilipolegea, Poland ikakamata kamba kwa madai yake kuhusu nafaka ya Ukraine. Mkataba unaohusu nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki ulisubiri ugomvi wa ngano ya Ulaya Mashariki. Nchi zetu hazikuwa na la kufanya, kwa sababu mlango uliohusika ulikuwa wa kauli moja.

Sasa fedha. Hapa ndipo watu wanapoumia kwa kutojua.

Hadi mwaka 2020 ule Mfuko wa Maendeleo ulikuwa nje ya bajeti ya Umoja, ukichangiwa na nchi wanachama kwa hesabu yao wenyewe. Wa mwisho, wa 2014 hadi 2020, ulikuwa wa yuro bilioni 30.5. Tangu 2021 fedha hizo zimewekwa kwenye chombo kimoja ndani ya bajeti, kiitwacho Ulaya ya Dunia, chenye yuro bilioni 79.5 hadi 2027. Afrika Kusini mwa Sahara imetengewa angalau bilioni 29.18, majirani wa Ulaya wa kusini na mashariki angalau bilioni 19.32. Kuna akiba ya bilioni 9.53 isiyo na mwenyewe, kwa mambo yasiyotarajiwa, na akiba ya namna hii ndiyo inayoliwa kwanza dharura inapotokea karibu na Ulaya. Sheria inataka asilimia 93 ya fedha zikidhi vigezo vya kimataifa vya misaada ya maendeleo, asilimia 30 zielekezwe kwenye tabianchi, na asilimia 20 kwenye maendeleo ya watu kama elimu na afya. Asilimia 10 imekadiriwa kwa mambo ya uhamiaji. Hiyo ya mwisho haikuwekwa kwa bahati. Tangu mkutano wa Ulaya na Afrika mjini Valletta, Malta, Novemba 2015 uhamiaji umekuwa ukitawala mazungumzo, na nadhani umeipotosha sera ya maendeleo kuliko kitu kingine chochote. Nchi maskini yenye wahamiaji wachache kuelekea Ulaya haina cha kuuza katika mazungumzo hayo.

Kuhama kwa fedha kuingia bajetini kulileta saa ya ukutani. Kamisheni ikipitisha uamuzi wa kufadhili programu mwaka fulani, makubaliano na serikali husika lazima yatiwe saini kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka unaofuata. Baada ya saini kuna miaka 3 ya kufunga mikataba ya utekelezaji. Tuseme uamuzi umepita Novemba 2024. Serikali ina hadi 31 Desemba 2025 kutia saini. Ikisaini siku ya mwisho, mikataba yote ya wakandarasi, washauri na asasi lazima iwe imefungwa kufikia mwisho wa 2028. Kisichofungwa kinarudi Brussels. Kinachokwama kwa kawaida ni vitu vidogo: rasimu imekaa kwa mwanasheria mkuu miezi 7, wizara mbili zinagombania nani awe mtia saini, kifungu cha msamaha wa kodi hakijakubaliwa, ardhi ya mradi ina kesi. Zabuni ya ujenzi inayofikia yuro milioni 5 ni ya kimataifa. Ya vifaa au huduma inayofikia laki 3 vilevile. Ikifutwa kwa kasoro na kurudiwa, muda mwingi katika ile miaka 3 umekwisha. Serikali inayojali hufanya jambo moja mapema: inateua mtu mmoja wa wizara ya fedha, mwenye jina na simu, anayefuatilia tarehe hizo mbili na hana kazi nyingine.

Misaada ya kibajeti ni njia ninayoipenda kwa kanuni yake, kwa kuwa fedha zinaingia hazina na kutumika kwa mfumo wa nchi yenyewe. Nchi inapimwa kwa mambo 4: sera ya sekta inayoaminika, uchumi mkuu ulio thabiti, usimamizi wa fedha za umma, na uwazi wa bajeti pamoja na usimamizi wa bunge na mkaguzi mkuu. Fedha hulipwa kwa mafungu. Fungu la kudumu hulipwa lote au lisilipwe kabisa. Fungu linalobadilika hupimwa kwa viashiria. Kiashiria kinaweza kupata sifuri, nusu au moja, na malipo yanafuata alama.

Mitego iko kwenye viashiria hivyo. Wizara inakubali kiashiria kama "asilimia ya wasichana wanaomaliza kidato cha nne" bila takwimu ya kuanzia iliyokubaliwa na pande zote. Miaka 2 baadaye ofisi ya takwimu inabadilisha njia ya kuhesabu, namba inashuka kwenye karatasi ingawa shuleni hali ni bora, na fungu linapotea. Au shabaha imewekwa kwa kitu kisichokuwa mikononi mwa wizara, mfano sheria ambayo bunge ndilo linaloipitisha. Mtego mwingine ni kalenda. Bajeti ya Tanzania, Kenya au Uganda inaanza tarehe 1 Julai. Ya Umoja wa Ulaya inaanza Januari. Faili la ushahidi likichelewa robo moja, malipo yaliyohesabiwa kwenye mwaka wa fedha wa serikali yanaangukia mwaka unaofuata, na hazina inakopa ndani kwa riba ya soko ili kuziba pengo. Fedha zimekuja, ndiyo, lakini zimeigharimu nchi.

Ruzuku kwa asasi nazo zina kanuni zake. Wito wa maandiko hutoka, asasi inaandika kwanza dhana fupi, inayopewa alama kati ya 50. Chini ya 30 imetoka. Zinazobaki hupangwa kwa alama, na zilizo juu tu ndizo zinazoombwa andiko kamili. Gharama za uendeshaji wa jumla zina ukomo wa asilimia 7. Hasara ya kubadilisha fedha hailipwi, madeni hayalipwi, na kodi inayoweza kurudishwa hailipwi. Asasi ndogo huangukia hapo kwenye kodi: imenunua vifaa kwa bei yenye VAT, haikuomba msamaha kabla ya kununua, na mkaguzi anakata. Matumizi ya shilingi hubadilishwa kuwa yuro kwa kiwango kinachotakiwa na mkataba, na asasi inayotumia kiwango kingine hukuta hesabu hazifungi. Na mchango wa asasi yenyewe lazima uwe na risiti. Kuandika "muda wa watu wa kujitolea" bila mkataba kuukubali ni kujichimbia shimo.

Kuna pia fedha ambazo si fedha kwa maana tuliyoizoea. Tarehe 1 Desemba 2021 Kamisheni ilitangaza mpango wa miundombinu uitwao Global Gateway, wa hadi yuro bilioni 300 kufikia 2027, na mapema 2022 Afrika ikatajiwa karibu nusu yake. Kati ya bilioni 300 hizo, ruzuku za bajeti ya Umoja zilikuwa bilioni 18. Bilioni 135 ni uwekezaji unaotarajiwa kuchochewa na dhamana, na hadi bilioni 145 ni mipango ya taasisi za fedha za nchi za Ulaya. Dhamana inafanya kazi hivi: Umoja unatenga sehemu ya fedha pembeni, kati ya asilimia 9 na 50 ya kiasi kinachodhaminiwa kulingana na hatari, na benki inakopesha ikijua kwamba mkopaji akishindwa, hasara fulani italipwa. Kwa kiwango cha chini kabisa, yuro milioni 9 zinabeba dhamana ya milioni 100.

Ni chombo chenye akili, na katika umeme, bandari au mawasiliano kinafaa. Lakini dhamana hufuata mapato. Mradi wa maji wa kijiji ambako mtumiaji analipa kidogo sana kwa ndoo hauwezi kulipa mkopo wa yuro, hata ukidhaminiwa mara mbili, na yuro ikipanda dhidi ya shilingi deni linapanda nalo. Serikali inapoambiwa "uwekezaji wa bilioni kadhaa", iulize: ruzuku ni kiasi gani, mkopo ni wa sarafu gani, na nani anabeba mabadiliko ya sarafu? Majibu ya maswali hayo matatu mara nyingi hayamo kwenye hotuba.

Wanajeshi wa Cabo Delgado walilipiwa kwa njia nyingine tena. Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja inakataza bajeti ya kawaida kutumika kwa shughuli za kijeshi. Kwa hiyo mwaka 2021 ukaundwa mfuko wa amani nje ya bajeti, unaochangiwa na nchi wanachama moja kwa moja, na kila matumizi yanahitaji kauli moja. Bunge la Ulaya halina sauti juu yake. Azimio lile la 13 Februari lisingeweza kuzuia hata senti moja ya fedha hizo.

Nikirudi kwenye biashara, mfano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaonyesha gharama ya kutokusoma mlango. Mazungumzo ya mkataba wake wa ubia wa uchumi na Umoja wa Ulaya yalikamilika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, ikihofia viwanda vyake, na mkataba wa jumuiya ukakwama. Tofauti haikuwa ya hisia tu. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na tangu 2001 bidhaa zao, isipokuwa silaha, zinaingia Ulaya bila ushuru wala ukomo, wasaini wasisaini. Kenya haimo katika kundi hilo. Mazungumzo yalipochelewa, ushuru uliangukia maua ya Kenya tarehe 1 Oktoba 2014 na ukaondolewa mwishoni mwa Desemba. Kwa mkulima wa waridi miezi hiyo ilikuwa mirefu. Hatimaye Kenya ilisaini peke yake tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza tarehe 1 Julai 2024. Sioni msaliti katika kisa hiki. Naona nchi 5 zenye maslahi tofauti zilizoingia chumba kimoja bila kwanza kukubaliana watamfidia nani na kwa nini.

Na kuna sheria ambazo hazikutungwa kwa jina la sera ya nje wala maendeleo, lakini zinamgusa mkulima kuliko mradi wowote wa misaada. Sheria ya Umoja dhidi ya ukataji wa misitu, ya 2023, inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Kahawa haitaingia soko la Ulaya kama imelimwa kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kutumika, ambayo mwanzoni ilikuwa 30 Desemba 2024, imeahirishwa mara mbili, lakini matakwa ya msingi yamebaki.

Kila shamba linahitaji mahali pake pajulikane kwa satelaiti. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kwa nukta moja, longitudo na latitudo zenye tarakimu 6 baada ya nukta. Linalozidi hapo linahitaji mpaka wote uchorwe. Makosa yanayojirudia ni ya kizembe lakini yana gharama. Simu imezungusha namba hadi tarakimu 3 na nukta imehama makumi ya mita, ikaangukia ndani ya hifadhi ya jirani. Au namba zimepinduliwa: faili za ramani za aina ya GeoJSON huanza na longitudo, wakati watu wengi wanaanza na latitudo, na shamba la Bukoba linajikuta jangwani magharibi mwa Algeria. Baya kuliko yote ni kuchanganya. Kahawa ya wakulima 400 ikimwagwa kwenye mtambo mmoja wa kumenyea, na shamba moja tu likawa na dosari, mzigo wote una dosari, kwa kuwa hakuna awezaye kuonyesha gunia la nani ni lipi. Chama cha ushirika kinachotaka kujilinda kinapokea kwa makundi: kila siku ya mapokezi, orodha ya wakulima wa siku hiyo, namba ya kundi, hadi kwenye gunia. Kazi hiyo ni daftari na nidhamu, na inaweza kuanza kabla ya vifaa vyovyote vya wafadhili kufika.

Ibara ya 208 iliahidi kwamba sera nyingine zitazingatia maendeleo. Mkulima mwenye robo hekta kulipia ramani ili mnywaji wa kahawa wa Ulaya atulize moyo, bila bei ya kahawa kupanda, ni mahali ambapo ahadi hiyo haijatimizwa. Naunga mkono misitu kulindwa kwa moyo wangu wote. Gharama ya kuilinda inapaswa kukaa kwenye bei.

Fimbo ya kisiasa pia ina utaratibu. Chini ya Mkataba wa Cotonou, ibara ya 96, nchi iliyotuhumiwa kuvunja misingi ya haki za binadamu au demokrasia iliitwa kwenye mashauriano, yaliyotakiwa kuanza ndani ya siku 30 na kumalizika ndani ya siku 120. Burundi ilipitia njia hiyo. Tarehe 14 Machi 2016 fedha za moja kwa moja kwa serikali zilisimamishwa, hadi tarehe 8 Februari 2022. Fedha nyingine ziliendelea kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa na asasi. Kwa miaka karibu 6 huduma ziliendeshwa na watu wasiowajibika kwa bunge la nchi, na mifumo ya wizara ikakauka. Kuisimamisha serikali ni rahisi. Kujenga upya kitengo cha manunuzi kilichokufa huchukua muda mrefu kuliko adhabu yenyewe.

Bajeti inayofuata, ya 2028 hadi 2034, iko mezani. Tarehe 16 Julai 2025 Kamisheni ilipendekeza karibu yuro bilioni 200 kwa mambo yote ya nje, misaada ya dharura ikiwemo humohumo. Kiasi cha jumla cha bajeti kinahitaji kauli moja ya nchi 27 na ridhaa ya Bunge. Kanuni za chombo chenyewe, yaani asilimia ngapi kwa elimu, ngapi kwa uhamiaji, kiwango cha chini kwa Afrika, zinapita kwa wingi maalumu katika Baraza pamoja na marekebisho ya Bunge. Kwenye hizo kanuni, mbunge mmoja wa kamati ya maendeleo mwenye hoja iliyoandikwa vizuri ana uzito kuliko rais anayepokewa kwa gwaride. Programu za nchi zinakuja baada ya hapo. Zile za 2021 hadi 2027 zilipitishwa mwishoni mwa 2021, na sekta zake zilikuwa zimechaguliwa katika vikao vya mwaka huo na ule uliotangulia. Afisa wa ushirikiano wa Umoja wa Ulaya katika mji mkuu wowote wa Afrika huandika mapendekezo yake ya sekta mapema, akitumia karatasi alizonazo. Wizara itakayomkabidhi kurasa 4, zenye sekta 2 au 3, takwimu za kuanzia zilizothibitishwa na ofisi ya takwimu, na jina la mtu wa kupigiwa simu, itakuta maneno yake mwenyewe kwenye rasimu ya kwanza.